Kombe la Kagame Tunalisusa Wenyewe

Hotuba hii niliitoa Tanga, mbele ya viongozi wa matawi ya mashabiki, makocha wa timu za vijana na wazee wa mpira. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, makocha, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuja na daftari. Ndilo hili. Jalada lake lilishachanika, nikalishona kwa uzi wa katani, kwa hiyo msishangae likinuka mkonge. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mtoto, herufi zimelala kama zimechoka: "Simba 1, Abaluhya 0." Mwaka ni 1974. Nilikuwa na miaka tisa, baba yangu akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Redio ilikuwa moja kwa nyumba sita. Betri zikichoka tulizianika juani, tukaomba Mungu zifike dakika ya tisini. Siku hiyo zilifika. Mtangazaji alipomaliza, baba akanigeukia akasema, "Wewe ndiye unayekwenda shule. Andika."

Nikaandika. Nimekuwa nikiandika tangu siku ile.

Ukurasa wa pili una kisa chake. Mwaka 1975 fainali ilichezwa Zanzibar, Yanga na Simba. Wazee mnakumbuka. Gibson Sembuli alifunga, Sunday Manara akafunga, ikawa mbili bila. Baba alikuwa Simba wa damu. Akazima redio, akaniambia, "Leo usiandike kitu." Nani angebishana na baba? Lakini usiku baba mdogo, ambaye alikuwa Yanga, akaja na taa ya chemli, akachuchumaa kando ya mkeka wangu. "Mwanangu," akasema, "mpira ukichezwa umechezwa. Andika." Nikaandika kwa mwanga wa chemli. Asubuhi baba akaufungua ule ukurasa, akausoma, akafunga daftari polepole, akaenda kazini. Hakuniadhibu. Baada ya siku tatu akaniletea kalamu mpya.

Ndugu zangu, kombe hilo lililomnyima baba yangu usingizi ndilo nililokuja kulizungumzia leo. Ni Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, ambalo tangu mwaka 2002, Rais Paul Kagame wa Rwanda alipoanza kutoa fedha za zawadi, tunaliita Kombe la Kagame. Jirani walianza kukutanisha klabu zao mwaka 1967, lakini hesabu rasmi za CECAFA, baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati, zinaanzia ule mwaka wa ukurasa wangu wa kwanza, 1974. Simba wamelichukua mara sita. Yanga mara tano. AFC Leopards ya Kenya, ndio wale Abaluhya wa zamani, mara tano. Tusker, nao wa Kenya, mara tano, tukihesabu na siku zile walipokuwa wakiitwa Kenya Breweries. Gor Mahia ya Kenya mara tatu, SC Villa ya Uganda mara tatu, APR ya Rwanda mara tatu, El Merreikh ya Omdurman, Sudan, mara tatu. Hakuna nchi moja iliyolifanya kombe hili mali yake.

Sasa niwaulize. Ni nani hapa, aliye chini ya miaka ishirini na tano, anayeweza kunitajia bingwa wa Kagame wa mwaka 2024? Inueni mikono, msione haya.

(Katika ukumbi mzima iliinuka mikono miwili tu.)

Mikono miwili. Nikiwauliza bingwa wa Ulaya wa mwaka huohuo, mtanitajia na aliyefunga na dakika aliyofunga. Siwalaumu, wanangu. Hamwezi kukipenda kitu ambacho wenye nacho hawakipendi. Ninaowalaumu ni sisi wakubwa, na ndiyo sababu nimeomba kusimama hapa.

Nianze na mwaka 1998, Zanzibar. Kila mtu alitazamia kombe liende kwa mmoja wa wakubwa. Waliofika fainali ni Mlandege, vijana wa palepale mjini, na Rayon Sports kutoka Rwanda. Hebu tulieni hapo kidogo. Rwanda ya mwaka 1998! Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari. Nchi ilikuwa bado inafukua makaburi ya halaiki, watoto yatima wamejaa, watu wanatazamana barabarani bila kujua waseme nini. Klabu kutoka nchi ile ikavuka ziwa, ikavuka bahari, ikaingia Unguja, ikaifunga Mlandege mabao mawili kwa moja. Kabla ya siku ile hakuna klabu ya Rwanda iliyowahi kulichukua kombe hili. Na Mlandege, ambayo bajeti yake nzima isingetosha kununua viatu vya timu kubwa, ilisimama kwenye fainali ya kanda nyumbani kwake. Niambieni, mashindano gani mengine yangewapa watu hao mchana ule? Ligi ya Mabingwa Afrika? Ulaya? Hakuna. Ni hili tu.

Ukurasa wa mwaka 2013 nao naomba mnisikilize vizuri. CECAFA ilipeleka mashindano Sudan, mechi zikachezwa El Fasher, Darfur, na Kadugli, Kordofani Kusini. Maeneo yenye vita. Simba, Yanga na Super Falcon ya Zanzibar hazikwenda, kwa ajili ya usalama. Sitasema walikosea, maana mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu, na asiyemlea hana haki ya kumpeleka kwenye risasi. Lakini Vital'O ya Bujumbura ilikwenda. Ilicheza, ikafika fainali, ikaifunga APR mbili bila palepale El Fasher. Warundi wakarudi nyumbani na kombe la kwanza la kanda katika historia yao. Watu wa El Fasher walijaa uwanjani. Mji ambao dunia iliujua kwa kambi za wakimbizi tu, kwa majuma mawili ulikuwa mji wa mpira.

Mnajua El Fasher iko wapi leo? Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023. Mji huo ulizingirwa zaidi ya mwaka mmoja, watu wakala chakula cha mifugo, na Oktoba 2025 ukaanguka. Nikiufungua ukurasa huu mkono wangu unakuwa mzito. Nawafikiria watoto waliokaa kwenye zile ngazi za uwanja mwaka 2013 wakishangilia Warundi wasiowajua. Leo wangekuwa vijana wa rika la ninyi mliosimama huko nyuma.

Na klabu za Sudan zenyewe je? Al Hilal na El Merreikh, vigogo wa Omdurman, zilikosa pa kuchezea nyumbani. Msimu wa 2024/25 zilikwenda kucheza ligi ya Mauritania, upande wa pili kabisa wa bara. Klabu yenye mamilioni ya mashabiki ikaishi ugenini, ikafanyia mazoezi kwenye viwanja vya kuazima. Septemba 2025 Al Hilal wakaja Dar es Salaam kwenye Kagame, wakafika fainali, wakafungwa mbili kwa moja na Singida Black Stars. Mimi ni Mtanzania, nilifurahi Singida kutwaa kombe. Lakini kwa mtu ambaye nyumba yake imechomwa, baraza ya jirani si jambo dogo. Kagame ndiyo baraza yetu. Tukiiacha ibomoke, jirani aliyeunguliwa tutamkaribisha wapi?

Sasa nije kwenye donda lenyewe. Najua humu ndani mna wana Msimbazi, yaani Simba, na wana Jangwani, yaani Yanga, na wengine mmevaa kabisa jezi zenu. Nawapenda. Nitawaambia ukweli kwa sababu nawapenda.

Mwaka 2014 mashindano yalikuwa Kigali. Yanga ikataka kupeleka kikosi cha pili. CECAFA ikakataa, ikaiondoa Yanga, ikaichukua Azam ya Dar es Salaam badala yake. Mwaka uliofuata Azam hao hao, nyumbani Dar es Salaam, wakalichukua kombe bila kuruhusu bao hata moja. Hata moja! Waliwatoa Yanga robo fainali kwa matuta ya penalti, wakawafunga KCCA ya Kampala, fainali wakawapiga Gor Mahia mbili bila. Azam walikuwa klabu changa. Hawakuona aibu kulipenda kombe la jirani, na kombe halikuona aibu kuwapenda wao.

Mwaka 2016 halikuchezwa. Mwaka 2017 halikuchezwa. Mwaka 2020 halikuchezwa. Mwaka 2022 halikuchezwa, na 2023 vilevile. Katika daftari langu kurasa hizo ni tupu. Niliziacha makusudi, sikutaka kuzirukia, ili mjukuu wangu akifungua aulize: "Babu, hapa vipi?" Nami nimjibu kwamba hapa watu wazima walishindwa kuelewana tarehe.

Na linapochezwa, tunakuwa wapi? Mwaka 2019 TP Mazembe wa Lubumbashi walialikwa, wakafika fainali, wakafungwa na KCCA moja bila. Mwaka 2021 Nyasa Big Bullets wa Malawi walialikwa, wakafika fainali, wakafungwa na Express ya Uganda. Mwaka 2024, na hili ndilo jibu la swali langu la mwanzo, Red Arrows wa Zambia walialikwa, wakaifunga APR kwa matuta palepale Dar es Salaam, wakapanda ndege na kombe letu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa kupona alikuwa wapi? Simba hawakuwepo. Yanga hawakuwepo. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikwenda, na kwa hilo nawapa heshima yangu yote, hata kama matokeo hayakuwa mazuri.

Nazijua sababu zao. Nimezisikia redioni na nimezisikia vijiweni. Kagame linakuja Julai au Agosti au Septemba, wakati wachezaji wanatoka likizo, usajili haujakamilika, kuna Simba Day, sherehe ya Simba, kuna Wiki ya Mwananchi, sherehe ya Yanga, kuna raundi za awali za Ligi ya Mabingwa. Zawadi za Kagame kwa miaka mingi zilikuwa dola 60,000 kwa jumla, bingwa akichukua 30,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000. Klabu kubwa leo inaweza kumlipa mchezaji mmoja zaidi ya hizo. Kocha mgeni naye anasema, nisiumizie watu wangu kwenye kombe dogo. Sababu hizi si uongo. Ningekuwa mweka hazina wa klabu, huenda nami ningezitaja.

Lakini nitazameni kwenye daftari. Simba walichukua kombe hili 1991. Wakalichukua tena 1992, kwa matuta, mbele ya Yanga, Zanzibar. Mwaka 1993 wakafika fainali ya Kombe la CAF. Gor Mahia walilichukua 1980, 1981 na 1985, fainali ya 1985 wakiwafunga ndugu zao AFC Leopards huko Khartoum. Mwaka 1987 wakabeba Kombe la Washindi Afrika mbele ya Espérance ya Tunis. SC Villa walilichukua 1987, na mwaka 1991 wakafika fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Sisemi kombe moja ndilo lililozaa jingine. Nasema wale waliofika mbali hawakuliruka kombe la jirani. Walijifunzia hapa kucheza ugenini na kupiga penalti watu elfu thelathini wakizomea. Hapa ndipo walipojifunza kufungwa Jumanne na kucheza tena Alhamisi.

Na mnisamehe nirudi kwa baba yangu. Yeye hakuwahi kuona mechi ya Ulaya hata moja maishani mwake. Aliyemtia hofu ni Mulamba wa AFC Leopards. Leopards walipolichukua mfululizo 1982, 1983 na 1984, baba alikuwa akisema lile jina kwa kunong'ona, kama anataja chui kweli. Alimjua adui yake, akamheshimu, akamwona ni mtu wa karibu, wa kufikika, wa kupanda basi kwenda kumtazama Nairobi. Ninyi wanangu, mnamjua nani wa Kampala? Mnamjua nani wa Bujumbura, wa Addis Ababa, wa Mogadishu? Jirani amekuwa mgeni kuliko mtu wa Manchester.

Hapa niseme jambo moja la kutia moyo, maana sikuja kulia tu. Akina dada wametuonyesha njia. Mashindano ya klabu za wanawake ya CECAFA yalianza 2021, na bingwa wake anakwenda moja kwa moja Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika. Vihiga Queens wa Kenya wakawa wa kwanza. Mwaka 2022 Simba Queens wakashinda Dar es Salaam, wakaenda Morocco, wakamaliza wa nne Afrika. JKT Queens wakashinda 2023 na wakarudia 2025. CBE ya Ethiopia ikashinda 2024. Umeona klabu ya wanawake ikipeleka kikosi cha pili? Hapana! Kwa nini? Kwa sababu mlango wa Afrika uko mwisho wa ukumbi ule. Ukitaka watu waje sebuleni, waonyeshe kuwa sebule ina mlango wa kutokea.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwenu kwa sababu ninyi viongozi wa matawi ndio mnaoketi na viongozi wa juu kwenye mikutano mikuu. Kwenye mkutano mkuu ujao, badala ya kuuliza tu nani kasajiliwa, mmoja wenu asimame aulize: "Mwaka huu tunakwenda Kagame na kikosi gani?" Aulize mbele ya watu wote, jibu liingie kwenye muhtasari. TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu Tanzania, nayo ni mwanachama wa CECAFA, ina sauti ya kudai tarehe moja isiyohama, ijulikane mwaka mzima kabla, kama tunavyoijua Idi na Krismasi. Na idai bingwa wa Kagame apate kitu cha kuendea mbele, hata kama ni kuepushwa raundi moja ya awali. Hayo ni mambo ya mazungumzo, si miujiza.

Ombi la mwisho ni letu wenyewe hapa Tanga, nalo linanigusa zaidi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye ofisi ya klabu moja, sitaitaja, kutafuta majina ya kikosi chao kilichocheza mashindano haya zamani. Nilipokewa vizuri, nikapewa na soda. Kijana wa ofisini akafungua kabati. Ndani mlikuwa na vumbi la mchwa. Picha, barua, tiketi za treni, orodha za wachezaji, vyote vilikuwa vumbi la mchwa. Akaniambia, "Mzee, labda uwaulize wenyewe." Wenyewe! Wengi wao tumeshawazika. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi ya nje kwa muda mrefu, soda mkononi sijaifungua.

Tunabishana vijiweni nani alifunga mwaka gani mpaka watu wanakosana, na hakuna anayeweza kuinuka akaleta karatasi. Wenzetu wana makumbusho ya klabu. Sisi tuna kumbukumbu za wazee, na wazee hawadumu.

Mwaka 1989 Coastal Union, timu ya mji huu, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, walifika fainali ya kombe hili huko Nairobi dhidi ya Kenya Breweries. Timu ya uwanja wetu wa Mkwakwani, kwenye fainali ya Afrika Mashariki na Kati! Wangapi hapa walikuwa wanalijua hilo? Mmenyamaza. Betri za redio yetu siku ile hazikufika mwisho. Ukurasa wangu wa 1989 una mstari mmoja tu, jina la timu mbili na kwamba Breweries walishinda. Sijui wachezaji walisafiri na nini, walilala wapi, nani alikaa benchi akilia, nani aliwapikia, walipokewa vipi walipovuka mpaka wa Horohoro au walikopita. Hayo yanajulikana na watu walio hai, na baadhi yao wapo ndani ya ukumbi huu, maana nimeona nyuso nilizokuwa nikizishangilia.

Vijana, nimenunua madaftari kumi na mawili, kila timu ya vijana iliyokuja leo inachukua moja. Makocha watawagawia. Anzeni na mechi yenu ya Jumamosi, hata kama mmefungwa sita.

Mimi nitakaa kwenye meza ile karibu na dirisha mpaka alasiri iadhiniwe. Nimefungua ukurasa wa 1989 na kalamu ina wino. Mzee wangu wa shati la kijani, niliona ulivyotikisa kichwa nilipoitaja Nairobi. Njoo uanze wewe.